Fedha za nani zimechapa kitabu hiki?

Siku hizi ni nadra kuingia nyumbani kwa mwalimu mstaafu, mchungaji, bwana shamba wa zamani au mwanahabari aliyeacha kazi usikute maboksi ya vitabu. Yapo nyuma ya kochi, yapo chini ya kitanda cha wageni, mengine yamepangwa ukutani hadi yakakaribia dirisha, yamefunikwa kitambaa cha kufuma. Mwenye nyumba atakufungulia boksi moja kabla hata chai haijafika. Atatoa nakala, ataitia sahihi, na wewe kwa adabu utaacha noti ya elfu kumi mezani. Mkewe hatasema kitu. Lakini anajua maboksi mangapi yaliingia na mangapi yametoka, na anajua vilevile fedha zilizoyaleta zilitoka wapi.

Mimi ni mnunuzi wa vitabu hivyo, na ninavisoma. Vingine vina habari ambazo huzipati kwingine kokote: namna chama cha ushirika kilivyokufa katika wilaya moja, dawa za mitishamba za bibi fulani, mashairi ya mtu aliyefundisha darasa la tatu maisha yake yote. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kitabu alichojichapishia mtu si kitabu. Wala sikubaliani na vijana wanaosema kampuni za uchapishaji zimepitwa na wakati, kila mmoja ajichapishie. Tumebishana mno juu ya njia ipi ni bora, na ubishi huo umetufanya tusahau kuuliza jambo lililo la kwanza. Fedha zilizochapa kitabu ni za nani?

Kama ni za mchapishaji, ana haki ya kuchukua fungu kubwa, kwa sababu kitabu kisipouzwa hasara ni yake. Na mwandishi ana haki ya kupewa hesabu. Kama ni za mwandishi, basi nakala ni zake, hakimiliki ni yake na faida ni yake. Kinachoziumiza familia za waandishi wetu ni jambo la tatu, ambalo limeenea huku tukilitazama: mwandishi anatoa fedha, halafu kitabu kinamilikiwa na mtu mwingine.

Kujichapishia kuna wazee wake

Wanaodharau kujichapishia huzungumza kana kwamba jambo hili limeletwa na simu za mkononi. Tuangalie tulikotoka. Enzi za ukoloni mswada wa Kiswahili ulipita katika mikono mingi. Mwaka 1930 iliundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, na moja ya kazi zake ilikuwa kukagua lugha ya vitabu kabla havijawafikia watoto shuleni. Mwaka 1948 ikaja East African Literature Bureau, makao yake Nairobi. Kwa mlango huo waliingia Muhammed Said Abdulla na Bwana Msa wake, Faraji Katalambulla na Simu ya Kifo, na baadaye Euphrase Kezilahabi na Rosa Mistika. Shaaban Robert mwenyewe alichapwa mbali na Tanga yake: Pambo la Lugha lilitolewa Johannesburg, Kusadikika kikatolewa na kampuni ya Kiingereza. Mshairi mkubwa kuliko wote wa karne ile, na miswada yake ilibidi ivuke bahari na mipaka ili imrudie ikiwa kitabu.

Uhuru ulifungua milango mingine. East African Publishing House ilianza Nairobi mwaka 1965, Tanzania Publishing House ikafuata Dar es Salaam mwaka 1966. Hapo TPH ndipo Adam Shafi alipotoa Kasri ya Mwinyi Fuad na Kuli. Kisha mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa hadi 1983. Hebu fikiria mwandishi wa Mwanza au Moshi ambaye kitabu chake kilikuwa kwenye ghala la Nairobi. Nakala haziji, mrabaha hauji, na barua anayoandika hajui kama itajibiwa. Ndani ya nchi vita vya Kagera vilikuwa vimekausha hazina, fedha za kigeni zikaadimika, karatasi ikawa bidhaa ya kutafuta kwa kujuana.

Katika ukame huo ndipo walipojitokeza watu waliokataa kungoja. Ben Mtobwa, kijana wa Kigoma, alianzisha Heko Publishers hapahapa Dar es Salaam, akamtoa mhusika wake Joram Kiango kwa wasomaji waliokuwa tayari wamempenda Willy Gamba wa Elvis Musiba. Vitabu vya kizazi kile vilikuwa vyembamba, karatasi ikigeuka rangi kabla ya mwaka, lakini vilisomwa kwenye mabasi, bwenini na kambini, vikaazimwa hadi majalada yakatoka. Nairobi nako, mwaka 1972 David Maillu alikuwa ameanzisha Comb Books. Alitoa vitabu vya Kiingereza chepesi kama Unfit for Human Consumption na After 4.30, watu wa ofisini wakavigombania, na mwaka 1976 Tanzania ikapiga marufuku vitabu vya kampuni hiyo. Maadili yake tuyaache leo. Ninachotaka msomaji akione ni kwamba hawa walikuwa wachapishaji kamili: fedha walitoa wao, mchoraji wa jalada walimtafuta wao, muuzaji wa barabarani walimfuata wao, na hasara ilipokuja waliibeba wao.

Na hawakuweka nadhiri ya kutokanyaga ofisi ya mchapishaji. Dar es Salaam Usiku cha Mtobwa baadaye kilitolewa pia na kampuni ya EAEP ya Nairobi. Maillu aliandikia Macmillan, na For Mbatha and Rabeka kikatoka mwaka 1980. Waliangalia kila kitabu na mahali pake. Kwa nini sisi tunalazimisha mtu achague upande mmoja maisha yake yote?

Hesabu ya mezani

Tupige hesabu, maana ndipo nyumba nyingi zinapoumia. Tarakimu hizi ni za mfano tu. Kila kiwanda cha uchapaji kina bei yake.

Tuseme una riwaya ya kurasa 160 na unataka nakala 1,000. Kiwanda kinakutoza shilingi 4,000 kwa nakala, jumla milioni nne. Uhariri, kupanga kurasa na kuchora jalada vinakula milioni moja. Umetoa milioni tano. Unaamua kuuza kitabu shilingi 10,000. Mwandishi akifika hapa hufurahi: nakala 1,000 mara elfu kumi ni milioni kumi, faida milioni tano. Wengi huifunga kalamu papo hapo na kwenda kukopa.

Lakini nani atauza nakala zote 1,000 kwa mkono wake? Duka la vitabu linapokea kwa mali kauli. Unaacha nakala ishirini, unapewa karatasi, unaambiwa urudi baada ya miezi mitatu. Duka likibaki na asilimia 35, wewe unapata shilingi 6,500 kwa nakala. Kwa bei hiyo lazima uuze nakala 770 ndipo milioni tano zako zirudi. Kabla ya hapo hujapata faida yoyote, unakusanya tu ulichotoa. Na hapo hatujagusa nauli ya maboksi kwenda Mbeya na Mwanza, nakala za bure kwa ndugu, marafiki na wageni rasmi wa uzinduzi, chakula cha uzinduzi wenyewe, na nakala zilizoloa mvua ilipopiga. Kwa mwandishi wa Kenya ongeza VAT ya asilimia 16 ambayo serikali iliiweka kwenye vitabu mwaka 2013.

Sasa tazama upande wa pili. Mchapishaji anayekubali mswada wako kwa fedha zake atakupa mrabaha, mara nyingi asilimia kumi. Nakala 1,000 zikiuzwa kwa elfu kumi, unapata milioni moja. Ni kidogo ukilinganisha na milioni tano za ndoto, lakini hukutoa hata shilingi na hakuna boksi chini ya kitanda chako. Hapo pia kuna swali ambalo waandishi wengi hawaulizi mpaka wamekwisha kutia sahihi: asilimia kumi ya nini? Ikiwa ni ya bei iliyo kwenye jalada, unapata 1,000 kwa nakala. Ikiwa ni ya kile mchapishaji anachopokea baada ya duka kutoa chake, unapata 650. Kwa nakala 1,000 tofauti ni shilingi 350,000. Kwa kaya ya kawaida hizo ni sare za shule za watoto, au mahindi ya miezi kadhaa. Kuuliza si ujinga, na mchapishaji mwaminifu hataudhika ukiuliza.

Nimetaja kukopa. Milioni tano za mwandishi wetu hazitoki kwenye akaunti ya akiba iliyokaa tu. Zinatoka kwenye kiinua mgongo ambacho kilikuwa kimalize nyumba. Zinatoka SACCOS. Zinatoka kwenye kikoba cha mke, ambaye wanachama wenzake ndio waliomdhamini. Mkopo unarejeshwa kila mwezi, tena kwa tarehe. Kitabu kinauzwa nakala mbili wiki hii, wiki ijayo hakuna. Mchuma janga hula na wa kwao. Kwa hiyo nasema wazi: mwandishi mwenye mwenzi asichape kitabu kwa fedha za nyumbani bila mwenzi huyo kukaa naye mezani, akaiona hesabu ya nakala 770, akasema ndiyo au hapana. Uchapaji wa kidijitali umeturuhusu kuanza na nakala 100. Tuseme zitakugharimu 7,000 kila moja badala ya 4,000. Kwa kila nakala ni ghali, lakini umetoa laki saba, si milioni nne. Zikiisha, utarudi kiwandani ukiwa na ushahidi kwamba wasomaji wapo. Zisipoisha, watoto hawakurudishwa nyumbani kwa michango.

Wanaouza tumaini

Sasa nije kwenye jambo la tatu. Mwandishi mpya huandika kwenye mtandao kwamba amekamilisha mswada. Haichukui muda, anapigiwa simu na mtu anayejiita mchapishaji. Sauti ni ya heshima, nembo ipo, picha za vitabu vilivyokwisha kutoka zipo. Anaambiwa mswada wake ni mzuri sana, umekubaliwa, ila kampuni inaomba mwandishi achangie gharama. Mchango huo ukiuchunguza ni gharama yote pamoja na faida ya kampuni juu yake. Anapewa nakala 100 au 200. Mkataba unasema hakimiliki ni ya kampuni, na kwamba mwandishi atalipwa asilimia kumi ya nakala zitakazouzwa na kampuni. Kampuni haina duka wala msambazaji, na haina haja ya kuuza chochote, kwa kuwa imekwisha kupata fedha zake kutoka kwa mwandishi.

Huyu mwandishi amebeba hasara yote ya aliyejichapishia, na anapata fungu dogo la aliyechapishwa. Akitaka kuchapa upya, faili la kurasa haruhusiwi kulichukua. Namba ya ISBN imesajiliwa kwa jina la kampuni. Ametozwa laki kadhaa eti za kuitafuta namba hiyo, wakati kwa Tanzania inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba, na mwandishi mwenyewe anaruhusiwa kwenda kuiomba.

Simzungumzii mtoa huduma mwaminifu. Yupo anayesema: nitakuhariria kwa kiasi hiki, nitakupangia kurasa kwa kiasi hiki, nitakusimamia kiwandani kwa kiasi hiki, na kazi ikiisha kila kitu ni chako. Huyo anafanya kazi halali na tunamhitaji. Fundi akikushonea suti kwa kitambaa chako na ukamlipa ujira wake, suti si yake. Ubaya upo pale fundi anapoondoka nayo.

Kwa nini watu wenye elimu zao wananaswa? Kwa sababu mwandishi ana kiu ya kuambiwa ndiyo. Ametuma mswada kwenye kampuni tatu, na hakuna iliyojibu hata kukataa. Ukimya huo wa wachapishaji wetu ndio unaowatajirisha wauza tumaini. Barua fupi ya kukataa, yenye sababu mbili tatu, ingemwokoa mtu asiuze kiwanja. Je, ni kazi kubwa kiasi hicho?

Tumempoteza mhariri

Mchapishaji mzuri alikuwa na kitu ambacho kiwanda hakina, nacho ni mhariri. Mtu wa kukurudishia mswada ukiwa na mistari myekundu kila ukurasa, akakwambia sura ya pili haina kazi, akakukumbusha kuwa mzee uliyemzika ukurasa wa 40 anakunywa chai ukurasa wa 90. Vitabu tulivyosoma shuleni tukavishika moyoni vilipitia mikono hiyo.

Vingi ninavyonunua leo havikuipitia. Naona ukurasa wa 17 umerudiwa na wa 18 haupo. Naona "hamekuja" badala ya "amekuja" kuanzia sura ya kwanza hadi ya mwisho. Naona hadithi yenye kisa cha kutikisa moyo imezikwa ndani ya hotuba za mwandishi. Kinachonisikitisha ni kwamba vipaji vimo. Msomaji aliyetoa elfu kumi akakutana na hayo hatalalamika popote. Hatarudi tu, na mwandishi mwingine atakayefika ofisini kwake na mfuko wa vitabu atalipia kosa lisilo lake. Ukimuuzia mtu mbuzi kwenye gunia, umewaharibia soko wafugaji wote.

Wala tusidhani kampuni zote zimebaki salama. Biashara ya vitabu kwetu ilisimama juu ya shule. Mapato ya vitabu vya kiada ndiyo yaliyomlipa mhariri na kuifidia riwaya iliyouzwa polepole. Katika miaka ya 2010 serikali ya Tanzania iliirudishia Taasisi ya Elimu kazi ya kuandaa vitabu vya kiada, na nguzo hiyo ikatoka chini ya wachapishaji binafsi. Sihukumu hapa kama uamuzi ule ulikuwa mzuri kwa wanafunzi, lakini kwa riwaya na mashairi matokeo yake ni kwamba mchapishaji anaogopa zaidi kuliko zamani. Kenya nako kampuni zinatazama vitabu teule vya mtihani. Siku Njema ya Ken Walibora, iliyotolewa na Longhorn mwaka 1996, imesomwa na maelfu kwa maelfu kwa kuwa shule ziliichukua. Mwandishi anayeandika kitabu kisichofaa kwa mtihani, kwa sababu ya mapenzi yaliyomo, siasa, au urefu wake tu, atabisha wapi?

Huyo ndiye ninayemwambia ajichapishie, tena asione haya. Tuzo zipo, na zimefungua njia: ile ya Safal-Cornell iliyoanza kwa jina la Mabati-Cornell, na Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu ambayo ilianza kutolewa 2023. Lakini tuzo huokoa miswada michache kwa mwaka. Iliyobaki inahitaji wenyewe wachukue hatua.

Ajichapishie, ila asijihariri. Kama ana milioni tano, alipe mhariri kwanza, achape nakala chache kwa kinachobaki. Kama hana, atafute wenzake. UWARIDI, umoja wa waandishi wa riwaya, umeonyesha kwamba waandishi wanaweza kuungana na kufanya kazi yao pamoja badala ya kila mtu kujificha na mswada wake. Nchi hii imejaa walimu wa Kiswahili waliostaafu, watu waliosahihisha insha miaka thelathini na ambao jicho lao halijachoka. Wapewe miswada, walipwe kwa kurasa. Familia mbili zitafaidika kwa kitabu kimoja.

Soko lililo ndani ya simu

Wakati wazee wanahangaika na maboksi, vijana wamejenga njia ambayo haikutajwa katika mkutano wowote wa wadau. Anaandika hadithi kwenye Facebook, sehemu ya kwanza hadi ya kumi bure. Anapofika mahali msomaji hawezi kulala, anasimama. Anayetaka kuendelea anatuma elfu moja au elfu mbili kwa simu, anaingizwa kwenye kundi la WhatsApp, hadithi inaendelea. Si jambo geni kabisa. Eric Shigongo aliwafanya watu wasubiri gazeti la wiki ijayo kwa hadithi za kuendelea. Tofauti ni kwamba sasa mwandishi ndiye gazeti, muuzaji na mhasibu.

Ukilipima kwa swali langu, soko hili ni safi kuliko yote. Fedha za nani? Hakuna fedha iliyotangulia zaidi ya bando na usiku wa kukesha. Hadithi isipopendwa, hakuna deni. Binti aliyeko Kahama ananunua hadithi saa nne usiku bila kupanda basi kwenda kwenye duka la vitabu ambalo mji wake hauna.

Ugonjwa wake ni kwamba mmoja hununua, mia husambaziwa. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 tunayo, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ipo, lakini nani atamfuata mtu aliyebonyeza kitufe cha kutuma? Na kuna hasara nyingine inayoniuma zaidi: hadithi hizi hazifiki maktaba. Simu ikiibiwa, riwaya nzima imepotea, na miaka hamsini ijayo mtafiti atakayetaka kujua vijana wa leo walisoma nini atakuta rafu tupu. Mwandishi wa simu anayeona hadithi yake imependwa achape hata nakala hamsini, aiombee ISBN, apeleke nakala Maktaba ya Taifa. Amazon na njia kama hiyo zinamfaa mwandishi mwenye wasomaji Toronto au Muscat walio na kadi za benki. Msomaji wa Kahama hazimfikii.

Mali bila daftari

Nimewasema wauza tumaini. Na wachapishaji halali nao wana deni. Malalamiko ninayoyasikia mara nyingi kwa waandishi waliochapishwa hayahusu udogo wa mrabaha, yanahusu ukimya. Mwaka unaisha bila karatasi yenye idadi ya nakala zilizochapwa, zilizouzwa na zilizobaki ghalani. Mchapishaji anasema kitabu hakiuziki. Mwandishi amekiona dukani Arusha na amekiona darasani Lindi. Huenda wote wawili wanasema kweli, huenda nakala za Lindi ni za wezi wa vitabu. Lakini bila hesabu, mwandishi ataamini ameibiwa, na atawaambia wengine. Mali bila daftari hupotea bila habari, na pamoja na mali hupotea kuaminiana. Wengi waliojichapishia hawakuvutiwa na milioni tano, walikimbia ukimya.

Mkataba nao unahitaji kusomwa na mtu asiye na haraka. Haki ya kuchapa kwenye karatasi ni moja. Haki ya filamu, ya tafsiri, ya kitabu cha kusikiliza na ya kitabu cha kielektroniki, kila moja isimame peke yake. Vuta n'kuvute cha Adam Shafi kilichapishwa mwaka 1999. Filamu ya Amil Shivji ilitoka 2021. Miaka 22 katikati! Nani angeweza kuiona siku hiyo wakati wa kutia sahihi? Kuwe na kipengele kinachosema kitabu kisipopatikana sokoni kwa muda uliotajwa, haki zinamrudia mwandishi. Bila hicho, kitabu kinaweza kulala ghalani hadi mwenyewe afe.

Na kifo hakimalizi jambo. Sheria ya Tanzania inalinda kazi ya mwandishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufariki. Shaaban Robert alifariki mwaka 1962. Kwa kipimo hicho cha miaka 50, ulinzi ungefika hadi 2012, nusu karne ambamo watoto wa shule kutoka Tanga hadi Kisumu walikuwa wakimsoma. Nusu karne ni muda wa kusomesha watoto na wajukuu. Katika kaya ya mwandishi wa leo, mjane au mgane akienda kwa mchapishaji na cheti cha kifo, atakuwa na karatasi gani mkononi? Wengi hawajui hata kama mkataba ulikuwapo. Mwandishi anayesoma makala haya autoe mkataba wake leo, auweke pamoja na hati ya kiwanja, amwonyeshe mwenzi wake au mtoto mkubwa, na vitabu vyake avitaje kwenye wosia kama anavyotaja shamba.

Kwa wachapishaji, kupitia chama chenu cha PATA, naomba jambo moja lisilohitaji bajeti ya serikali wala sheria mpya. Chagueni tarehe moja kila mwaka, tuseme 31 Machi, na ifikapo siku hiyo kila mwandishi aliye hai, na kila mrithi wa aliyefariki, awe amepokea ukurasa mmoja: nakala zilizochapwa, zilizouzwa, zilizobaki, na anachodai. Hata kama anachodai ni sifuri, mtumieni.